Mwaka Aliokula Ameketi

Kwenye maziko ya dada yangu Nyabwire, kule Kiriba, kila aliyenishika mkono aliniambia kwamba marehemu sasa amepumzika. Mchungaji alisema hivyo, mwenyekiti wa kitongoji alisema hivyo, hata fundi aliyeleta turubai na viti vya kukodi alisema hivyo huku akitafuta mahali pa kuchomeka waya wa spika. Nilikuwa naitikia amina kwa heshima tu, ila moyoni nilikuwa nimekasirika hadi kichwa kinauma. Nyabwire alipumzika mwaka mmoja katika maisha yake yote, akiwa hai, akiwa na meno yake na nguvu zake, na mimi niliuona mwaka huo kwa macho yangu. Kilichofuata baada ya hapo hakikuwa mapumziko, na hiki walichomfanyia kwa majembe siku ile siwezi kukiita mapumziko pia. Alianguka barabarani akimsubiri mjukuu wake atoke shule. Mjukuu hakuwa amechelewa. Hospitali walisema ni moyo, na sikuwa na la kubisha, kwa sababu moyo wa dada ulikuwa umekimbia kwa miaka mingi bila kufukuzwa na mtu.

Habari za ukoo wetu, nani alimzaa nani na walihamia kutoka wapi, nitaziacha. Wapo wanaozijua kuliko mimi na wanapenda kuzisimulia. Nitakachosema ni kwamba dada yangu alikuwa na hofu, tena hofu isiyokuwa na mwenyewe. Mume wake alikuwa mtu mpole, watoto wake walikuwa wazima, muhogo shambani ulikuwepo. Lakini sikuwahi kumwona akikaa chini kula. Alikuwa anakula amesimama mlangoni, sahani mkononi, macho njiani. Matonge mawili, matatu, kisha anaweka sahani chini na kwenda kuangalia kama waliotoka wanarudi. Pikipiki ikikata kona kuja upande wetu alishika ukuta, maana kwake kila pikipiki ilikuwa imebeba habari ya msiba. Viganja vyake vilitoka jasho hadi unga ukamganda mikononi wakati wa kusonga ugali. Watu walimpa kila aina ya ugonjwa. Alipimwa presha ikaonekana nzuri, akaombewa hadi waombaji wakachoka, akachanjwa chale kifuani ambazo hata juzi wakati wa kumwosha tulizikuta. Wengine walisema anajidekeza. Hao ndio niliowachukia zaidi, na baadhi yao juzi walilia kwa sauti kuliko mimi.

Mwaka ninaousema nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na nimepanga chumba Nyakato, Musoma mjini, nikisubiri maisha yaniite. Yaliniita kwa sauti ya Dokta Wambura, mtu wa Butiama, mrefu, mwenye suti moja ya kahawia na kicheko cha ghafla kilichomshtua hata yeye mwenyewe. Alikuwa amekodi nyumba mtaa wa pili kutoka kwangu kwa ajili ya utafiti wa dawa mpya ya wasiwasi, na alihitaji mtu wa kutafsiri Kijita kwa wagonjwa wasiokijua vizuri Kiswahili. Nyumba ile naikumbuka chumba kwa chumba. Sebuleni kulikuwa na mabenchi na jagi la maji lililofunikwa kwa kitambaa cha kufuma. Chumba cha kwanza kilikuwa cha kupimia, cha pili cha dawa, chenye kufuli, na kati ya chumba cha mahojiano na jiko hapakuwa na ukuta bali mbao nyembamba za plaiwudi, kwa hiyo aliyekuwa jikoni alisikia kila kitu. Saa nne Sista Modesta, muuguzi wetu, alichemsha chai ya maziwa yenye tangawizi nyingi na kutugawia michembe, vile viazi vikavu, ambayo mama yake alimletea kwa magunia. Hadi leo nikisikia harufu ya tangawizi namwona mtu ameketi kwenye benchi, mikono katikati ya magoti, anangoja kuulizwa anaogopa nini.

Dawa yenyewe haikuwa na jina. Ilikuwa na herufi na namba, kama gari, na sisi tuliiita tu ya Nyakato. Siku ya kwanza, wagonjwa walipojaa sebuleni, wengi wao wanawake wa Kiriba na wachache kutoka upande wa Bunda, Dokta Wambura alisimama akawaeleza kwa mfano ambao baadaye nilimsikia akiurudia hadi nikauota. Alisema ubongo una breki zake. Kuna kitu ndani ya kichwa kinaitwa GABA, na kazi yake ni kukanyaga breki hizo ili mtu asiende mbio bila sababu. Dawa za zamani, alisema, zinakanyaga breki zote kwa pamoja: hofu inasimama, lakini na akili inasimama, na miguu inasimama, na ukishazizoea huwezi kuziacha. Hii mpya inachagua. Inakwenda kwenye mlango mmoja tu, ule wa hofu, inaipa ile GABA nguvu pale, na milango mingine inaiacha. Mwanamke mmoja aliyekaa karibu na dirisha, mwembamba, mwenye kitambaa cha njano kichwani, aliinua mkono.

"Dokta, na kama gari lenyewe ni bovu?"

Watu walicheka hadi benchi likalia. Huyo alikuwa Nyasinde, jirani wa dada yangu. Alikuwa amezika watoto wachanga mmoja baada ya mwingine, hakubaki hata mmoja wa kumpa jina la mama fulani, na tangu wa mwisho mikono yake ilikuwa inatetemeka hadi hawezi kujaza maji kwenye kikombe. Mdomo wake tu ndio haukutetemeka. Alipenda kusema kwamba Mungu alichukua vyote akasahau ulimi. Siku hiyohiyo Dokta Wambura aliwaambia jambo jingine. Alisema hajui kama dawa hii inaponya. Ndiyo maana ya utafiti. Kwa hiyo nusu ya watu watapewa dawa yenyewe, na nusu watapewa vidonge vitupu, vya rangi ileile na ladha ileile. Hakuna atakayejua nani ana nini, hata yeye, hata Sista. Mwishoni makundi mawili yatalinganishwa, na kama waliopata dawa watakuwa wametulia kuliko waliopata vitupu, itajulikana kuwa dawa ni dawa, na itaendelea, na siku moja itafika kwenye hospitali zote. Asiyetaka yuko huru kuondoka. Hakuna aliyeondoka. Nilitafsiri maneno hayo mwenyewe, taratibu, na Sista akamalizia kwamba ni marufuku kumpa mtu mwingine vidonge vyako. Naona bado nyuso zao walipokuwa wanasikiliza. Wakati ule nilidhani hawajaelewa. Walielewa vizuri kabisa.

Sikuruhusiwa kumtafsiria ndugu yangu, kwa hiyo Nyabwire alipoitwa nilitumwa jikoni, na huko nikamsikia kupitia plaiwudi. Sista alimwuliza maswali yaliyokuja yameandikwa kutoka mbali: kama anasikia kubanwa kifua, kama anashindwa kutulia, kama anaogopa kuwa jambo baya litatokea. Dada alijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, kwa sauti ya mtu anayekiri wizi. Kisha Sista akauliza la kwake mwenyewe, ambalo halikuwa kwenye karatasi.

"Lakini dada, unaogopaga nini hasa?"

"Sijui, Sista. Ningejua ningekimbilia upande mwingine."

Nilikuwa nimeshika sufuria ya chai. Niliiweka chini, nikaenda nje nyuma ya choo nikalia, kwa sababu nilikuwa nimeishi naye miaka yote bila kumwuliza swali hilo.

Walikuwa wanaletwa na gari la utafiti, na kwa kuwa vipimo vilianza asubuhi sana, Nyabwire na Nyasinde walikuwa wanakuja siku moja kabla na kulala kwangu. Chumba changu kilikuwa na kitanda, mkeka, jiko la mafuta ya taa na dirisha linalotazama karakana ya mtu anayechomelea mageti. Mara za mwanzo dada hakulala kwenye mkeka wala kitandani. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na mlango akigusagusa komeo. Nyasinde alimtania kwamba wezi wa Nyakato wana akili, hawawezi kuja kuiba ndoo yenye mtu juu yake. Dada alicheka kwa adabu na kuendelea kugusa komeo. Nilipika furu wa kukaanga, samaki wale wadogo anaowapenda, na akala amesimama, kama kawaida, akitazama nje cheche za mchomeleaji.

Sijui ilianza lini. Hofu inapoondoka haipigi hodi kama inavyopiga inapoingia. Ninachokumbuka ni mchana mmoja, mvua za vuli zimekwisha, nimerudi kutoka kazini nikamkuta Nyabwire chumbani kwangu ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, anakula kichwa cha sato. Alikuwa anakifyonza taratibu, mfupa kwa mfupa, anautoa mdomoni, anautazama, anaurudisha. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake na yeye ameupa mgongo. Pikipiki ilipita. Ikapiga honi. Aliendelea kufyonza. Nilisimama kizingitini na mkoba wangu begani, naogopa kuingia nisije nikaharibu. Nyasinde alikuwa pembeni anapepeta mchele, na aliponiona aliweka kidole mdomoni kunionya ninyamaze. Tulikaa hivyo, sisi wawili tukimwangalia mwanamke mzima anakula samaki, hadi akageuka akasema, "Mbona mnanitazama? Na nyie njooni mle, kitapoa."

Miezi iliyofuata nilimjua dada ambaye sikuwahi kupewa. Alikuwa mtani. Alikuwa mvivu kidogo, jambo lililonifurahisha ajabu, maana mtu mwenye hofu hana nafasi ya uvivu. Aliacha mtoto wake mkubwa aende ziwani na baba yake na yeye akaenda kulima. Siku moja alikwenda peke yake hadi Bunda, mtaa wa Nyasura, kumwona binamu aliyejifungua, na aliporudi alipitia kwangu, kuku ameshikwa kwapani, uso umejaa vumbi, akaanza kunisimulia kabla hajakaa.

"Nilipotea! Wewe, nilipotea Nyasura kabisa. Nyumba zote ni sawa. Nikaingia kwa watu ambao siwajui, nikawasalimia, wakanipa uji. Nikanywa."

"Hukuogopa?"

Alifikiri. Aliweka kuku chini. "Nilisahau," akasema, na akacheka hadi akafuta machozi kwa pindo la kitenge. Mimi naishi Nyasura sasa, nimefundisha pale hadi mvi zimeanza kunitoka, na hakuna wiki ninayopita kwenye nyumba zile zinazofanana bila kumwona anaingia kwa wageni na kunywa uji wao.

Nyasinde naye alikuwa ametulia, si kama dada, lakini alijaza kikombe chake mwenyewe bila kumwaga. Karibu wanawake wote wa Kiriba walikuwa wametulia kiasi fulani. Sista Modesta alikuwa anasema haya jikoni kwa sauti ya chini, kwa sababu haikuwa ruhusa kusema, na Dokta Wambura alikuwa anamwambia anyamaze huku akitabasamu. Kila walipokuja, Sista alihesabu vidonge vilivyobaki kwenye makopo yao, na kila mara vilikuwa kama vinavyotakiwa kuwa. Dokta aliwasifu. Alisema hajawahi kuona wagonjwa watiifu kama wale.

Halafu mwaka ukaisha. Wageni walikuja kutoka nje na kompyuta zao, wakajifungia na Dokta chumba cha mahojiano, na mimi nilikuwa jikoni na Sista tunaosha vikombe. Walikuwa wanaongea Kiingereza. Mgeni alisema hakuna tofauti. Waliopata dawa na waliopata vitupu wametulia sawasawa, na kwa hiyo kilichowatuliza ni kule kutunzwa, chai, gari, kuulizwa habari, si dawa. Dokta Wambura alisema, "Lakini mimi nimewaona." Mgeni akamjibu kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma, kwamba kuona hakutoshi. Alisema katika nchi nyingine pia matokeo hayakuwa na nguvu, hapa ndipo walipokuwa wanatumaini, na sasa kampuni iliyoitengeneza haitaendelea nayo. Sista alifunga bomba. Tulisikia kiti kikiburutwa, kisha kicheko kile cha ghafla cha Dokta, kifupi, kisichokuwa na furaha ndani yake.

Wagonjwa waliitwa mara ya mwisho wakapewa soda, keki, na kanga kila mmoja. Dokta alisimama palepale aliposimama siku ya kwanza. Aliwashukuru. Alisema utafiti umefikia mwisho na kwamba watakaosumbuliwa tena waende hospitali watapewa dawa nyingine. Nyabwire alikuwa ameketi mbele. Aliinua mkono kwa adabu.

"Na hii ya kwetu, Dokta?"

"Hii haipo tena, mama."

"Itarudi lini?"

Dokta Wambura alitazama jagi la maji. "Haitarudi," akasema. Dada aliikunja kanga yake, akaikunjua, akaikunja tena. Nilimwona akigeuka kidogo kwenye kiti na kutazama mlango, na nilijua hapohapo, kabla ya mtu mwingine yeyote katika chumba kile, kwamba amekwisha kuanza kurudi alikotoka. Ilichukua majuma machache tu. Nilikwenda Kiriba kumwona nikamkuta amesimama mlangoni, sahani mkononi. Nilipokea sahani nikaishika ili mikono yake ipumzike, na yeye akaenda barabarani kuangalia.

Hospitali walimpa dawa za zamani, zile za breki zote. Alilala. Alilala akisonga ugali, akaangukia figa, akaungua mkono hadi kiwiko. Alisahau jina la mtoto wake wa mwisho, akamwita kwa la jirani. Aliziacha mwenyewe, na kuziacha kulimtesa kuliko kuzinywa. Baada ya hapo alikataa kila kidonge. Aliniambia mara moja tu, tukiwa tunaparua muhogo, kwamba afadhali asingewahi kujua. "Zamani nilidhani watu wote wako hivi," akasema, "wanavumilia tu." Maneno hayo nimeyabeba tangu siku hiyo hadi juzi kaburini, na bado ninayo.

Siku ya pili baada ya maziko tulikuwa jikoni kwa marehemu, mimi na Nyasinde, tunasugua masufuria ya msiba kwa majivu. Nyasinde amezeeka vizuri. Mikono inatetemeka, ulimi bado upo. Nje wanawake walikuwa wamerudi kwenye kazi yao ya asubuhi, dagaa zimeanikwa juu ya nyavu kuukuu. Wageni huwa hawaelewi jinsi kazi ile inavyokwenda. Mitumbwi haipati sawa. Mmoja unarudi umejaa, mwingine unarudi mtupu, na kila mwanamke ana mtumbwi wake anaousubiri. Lakini dagaa zikishuka zinamwagwa zote kwenye wavu mmoja, kisha zinagawanywa beseni kwa beseni, asiwepo wa kurudi nyumbani na beseni tupu kichwani. Haijaandikwa popote. Mwanamke atakayechukua dagaa za mtumbwi wake na kwenda zake, nani atamsalimia?

"Mdogo wangu," Nyasinde akasema, "nikukumbushe kitu uchekege kidogo. Unakumbuka vile vidonge vya Nyakato?"

Nilisema nakumbuka.

"Si Dokta alisemaga wengine watapewa vitupu? Tulirudi kwenye gari siku ile tumenyamaza. Ndiyo Nyabwire akasema, sasa kama vyangu ndiyo vizima, na vyako ni vitupu, nitakutazamaje ukitetemeka? Tukasema ni kweli. Basi tukifika tu huku, tulikuwaga tunamwaga pamoja."

"Mnamwaga nini?"

"Vidonge. Wote wa huku. Kwenye ungo wa dada yako. Tunachanganya, tunachanganya, halafu tunagawana upya, kila mtu kopo lake linajaa vilevile. Kila tukitoka mjini tunafanya hivyo. Sista anahesabu, anakuta sawa." Alicheka, akajifuta machozi kwa kiwiko chenye majivu. "Hakuna aliyekosa, mdogo wangu. Hata mmoja. Dada yako ndiye alikuwa anachanganya, maana mikono yangu ilikuwa inamwaga."

Niliendelea kusugua sufuria ile hadi ikang'aa mahali pamoja kama kioo. Sikucheka. Nilikuwa naona ungo, naona mikono ya dada yangu ikizungusha vidonge vyeupe, vizima na vitupu, na naona wale wageni na kompyuta zao wanatafuta tofauti kati ya wanawake walioapa kwamba tofauti isiwepo. Bila shaka hawakuikuta. Aliyeandikwa amepata dawa alikuwa amepata nusu. Aliyeandikwa amepata vitupu alikuwa amepata nusu. Wote walipona nusu, wakalingana, na kwa sababu walilingana dawa ikatupwa. Nyasinde aliniuliza kama naumwa. Nikasema moshi.

Nikiwa njiani kurudi kwangu Bunda nilikata kona kwenda Butiama. Dokta Wambura amestaafu siku nyingi, anaishi kwenye nyumba yake chini ya yale mawe makubwa, analima mahindi na kufuga ng'ombe wawili wa maziwa. Suti ya kahawia haipo, kuna sweta lenye viwiko vilivyotoboka. Alinikaribisha kwa jina langu, Nyangeta, bila kusitasita, akaagiza chai. Nilimpa habari ya msiba. Akasema alichokuwa amekisema moyoni kwa miaka yote, nilijua kwa jinsi kilivyotoka laini.

"Nyangeta, mimi niliwapa watu wale matumaini ya bure. Ile dawa haikuwa na kitu. Nikaacha utafiti kwa ajili hiyo. Niliona nilichotaka kuona."

Sikuwa nimeamua kama nitamwambia. Nilikuja hadi pale nikiwa sijaamua. Lakini sikuweza kumwacha aseme hivyo juu ya mwaka ule, mwaka pekee wa dada yangu, kwamba haukuwa na kitu. Nikamwambia kila kitu, wavu na ungo na makopo. Alisikiliza akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Chai ilipoa ikafanya utando juu. Ng'ombe mmoja alilia bandani na msichana wa kazi akapita na ndoo. Mwishowe aliuliza kwa sauti ya daktari, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Nyakato.

"Kwa hiyo Nyabwire alipata nusu tu."

"Ndiyo, Dokta."

"Na nusu ilimtosha?"

Nilimwambia habari ya kichwa cha sato. Nilimwambia alivyopotea Nyasura. Dokta Wambura aliweka kikombe chini, akafunika uso kwa viganja, mabega yakaanza kucheza. Nilidhani ni kile kicheko chake. Nilikaa pale hadi akamaliza. Aliponisindikiza hadi kwenye mahindi alinishika mkono akasema, "Yule mama aliyekusimulia, usimwambie," nikasema sitamwambia. Kompyuta zile hazipo, kampuni ile sijui kama bado ipo, na hakuna mtu duniani wa kumpelekea habari hii. Wanaoijua ni mimi na mzee mmoja wa Butiama.

Siku ya kumaliza matanga nilirudi Kiriba. Watu walikula, wakagawana vitu vya marehemu, na mimi nikaomba ungo. Walinishangaa, maana umetoboka. Nyasinde alikuja kukaa karibu yangu kwenye mkeka, kikombe chake cha uji kimejaa nusu tu ili asimwage, na kwa muda tukawa tunawatazama watoto wanaofukuzana kati ya masufuria.

"Nimesikia ulipita kwa Dokta," akasema. "Hukumwuliza kwa nini walituondoleaga ile dawa?"

"Nilimwuliza."

"Akasemaje?"

Nilitazama mikono yake. "Amesema iliisha."

Nyasinde alitikisa kichwa taratibu. Alimtazama mjukuu wa Nyabwire, yule ambaye hakuwa amechelewa, akipita na sahani yake.

"Wangetuambia tu," akasema. "Hata kingebaki kimoja, tungegawana."